Baldur's Gate 3: Namna studio ya Gand ilivyopewa mchezo wa wengine, ikaukuza, kisha ikaurudisha

Usiku wa tarehe 7 mwezi wa kumi na mbili 2023, mjini Los Angeles, Marekani, Mbelgiji mmoja alipanda jukwaani akiwa amevaa mavazi ya chuma, kama askari wa wafalme wa zamani wa Ulaya. Jina lake ni Swen Vincke, kiongozi wa studio ya Larian. Alikuja kupokea tuzo ya mchezo bora wa video wa mwaka kwa ajili ya Baldur's Gate 3. Alianza kuwashukuru wenzake, akamtaja mfanyakazi mwenzao aliyefariki kabla kazi haijakwisha, lakini hakupewa nafasi ya kutosha: kioo kilichokuwa mbele yake kilimwambia afupishe maneno. Dakika za televisheni ni ghali kuliko machozi.

Siku nne baadaye, kampuni ya Hasbro, ambayo ndiyo mwenye jina la Baldur's Gate, ilitangaza kwamba itaondoa kazini watu karibu 1,100. Kati ya walioondoka walikuwemo watu wa tawi lake la Wizards of the Coast, wale wale waliokaa mezani na Wabelgiji tangu siku ya kwanza ili mchezo huu uzaliwe. Vincke mwenyewe alieleza kwamba kati ya wale aliokutana nao kwenye mkutano wa kwanza, karibu wote hawako tena.

Mambo hayo mawili, tuzo na kufukuzwa, yametokea katika juma moja. Tukiyaweka pamoja, tunapata habari ya mchezo huu kwa ukamilifu zaidi kuliko hesabu ya tuzo. Maana Baldur's Gate 3 ni kazi ya watu waliojenga nyumba juu ya kiwanja cha mwingine, wakijua hivyo tangu mwanzo.

Mchezo unaotoka kwenye meza na dadu

Kwa msomaji ambaye michezo ya video kwake ni mpira wa miguu tu kwenye pleisteshen za mtaani, maelezo machache yanahitajika. Hii ni aina ya mchezo ambayo Wafaransa wanaiita jeu de rôle: mchezaji anachukua uhusika wa mtu mwingine, anachagua kabila lake, kazi yake, nguvu zake na udhaifu wake, kisha anaishi ndani ya hadithi na kuibadilisha kwa maamuzi yake. Haishindwi kwa mabao. Unaweza kumaliza kama shujaa, ukamaliza kama muuaji, au ukafa njiani kwa sababu ulimjibu vibaya mzee mmoja aliyekuwa na hasira.

Chanzo chake hakikuwa kompyuta. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo wa mezani unaoitwa Dungeons & Dragons. Watu wanne au watano wanakaa kuzunguka meza, mmoja wao anasimulia, wengine wanasema wahusika wao wanafanya nini, na dadu inaamua kama wamefaulu. Mwenye kusimulia hawezi kujua mwisho wa hadithi yake, kwa sababu walio mbele yake wana haki ya kuivuruga. Ukiwa umelelewa na bibi anayesimulia hadithi jioni na watoto wanamkatiza kila mara, unaelewa kwa haraka.

Baadaye Mkanada Ed Greenwood alileta dunia yake ya kubuni, yenye miji, miungu, vita na ramani, ikawa moja ya dunia zinazopendwa zaidi katika mchezo huo. Katika dunia hiyo kuna mji wa bandari, tajiri na mchafu, unaoitwa Baldur's Gate.

Mwaka 1998 studio changa ya BioWare, kutoka Edmonton nchini Canada, ilichukua mji huo na kutengeneza mchezo wa kompyuta. Waanzilishi wa BioWare walikuwa madaktari wa tiba, jambo ambalo mashabiki hupenda kulikumbusha. Mchezo ulitoka kwenye sidii tano. Mchezaji ni yatima aliyelelewa katika ngome ya vitabu, anatoroka usiku, na polepole anagundua kwamba baba yake alikuwa Bhaal, mungu wa mauaji. Mwaka 2000 likaja toleo la pili, ambalo hata leo wazee wa michezo hii wanaliweka juu kabisa, na mwaka 2001 nyongeza iliyofunga hadithi ya watoto wa Bhaal.

Kilichobaki mioyoni mwa watu hakikuwa vita. Walikuwa wale wenzako wa safari. Jaheira, mwanamke mkali anayekukosoa kama dada mkubwa. Minsc, mpiganaji mwenye nguvu nyingi na akili iliyoyumba, anayebeba panya mdogo wa kufugwa anayeitwa Boo na kumwomba ushauri. Hao walikugombeza, wakagombana wenyewe kwa wenyewe, wakakuacha ukizidi ubaya. Kwa wakati ule, kuona wahusika wa kompyuta wanafanya hivyo lilikuwa jambo geni.

Miaka ishirini ya kusubiri

Toleo la tatu lilipaswa kuja. Halikuja. Interplay, kampuni iliyokuwa ikichapisha michezo hiyo, iliingia katika shida ya pesa. Mradi uliokuwa ukiitwa The Black Hound ulifutwa mwaka 2003, na mwishoni mwa mwaka huo huo studio yake ya Black Isle ikafungwa. BioWare tayari ilikuwa imekwenda kwenye kazi nyingine: Star Wars, halafu Mass Effect na Dragon Age.

Jina lenyewe lilikuwa limekwisha kubadilisha mikono. Wizards of the Coast ilinunua kampuni ya Dungeons & Dragons mwaka 1997, na Hasbro, watengenezaji wakubwa wa vitu vya kuchezea vya watoto, wakainunua Wizards mwaka 1999. Kuanzia hapo, yeyote anayetaka kugusa Baldur's Gate lazima abishe hodi kwa Wamarekani hao. Kampuni ya Beamdog, yenye watu waliopitia BioWare, ilipata ruhusa ya kuyasafisha matoleo ya zamani na kuyatoa upya mwaka 2012 na 2013, baadaye hata kwenye simu. Mwaka 2016 iliongeza hadithi fupi ya kuunganisha toleo la kwanza na la pili. Lakini la tatu, hapana.

Na huko Ubelgiji, katika mji wa Ghent, ule ambao sisi huku tunauita Gand, kulikuwa na kampuni ndogo iliyokuwa ikipambana isife.

Swen Vincke alianzisha Larian mwaka 1996. Mchezo wao wa kwanza uliojulikana, Divine Divinity, ulitoka mwaka 2002. Ulisifiwa, lakini sifa hazikulipa mishahara. Kwa miaka mingi Larian iliishi kama kampuni nyingi ndogo zinavyoishi: kuchukua kazi za watu wengine ili kulipa kodi ya nyumba, kugombana na wachapishaji wanaotaka mchezo utoke kabla haujaiva, na kila mara kuanza tena.

Mwaka 2013 waliamua kuwaomba wachezaji wenyewe pesa kupitia mtandao wa Kickstarter. Walipata karibu dola 945,000. Pesa hizo hazikutosha kwa mchezo waliokuwa wakiuota, na Vincke amesema mara nyingi kwamba kampuni ilikuwa pembeni mwa kufilisika walipokuwa wakiumaliza. Divinity: Original Sin ulitoka mwaka 2014 na ukaiokoa nyumba. Mwaka 2015 waliomba tena, wakapata zaidi ya dola milioni 2, na Original Sin 2 ya mwaka 2017 ikawa moja ya michezo ya aina hii iliyosifiwa zaidi duniani.

Katikati ya hayo Vincke aliwaomba Wizards jina la Baldur's Gate. Mara ya kwanza walimkatalia. Hawakumwona kuwa mtu wa kuaminiwa na mali kama hiyo. Original Sin 2 ilipokaribia kutoka, mlango ulifunguliwa. Hata hapo, andiko la kwanza ambalo Larian walilipeleka, lililoandikwa haraka huku wakihangaika kumaliza mchezo mwingine, halikuwapendeza wenye jina. Ilibidi waombe muda wa kuandika tena. Tarehe 6 mwezi wa sita 2019 ulimwengu ukatangaziwa: Baldur's Gate 3 inakuja, na inatengenezwa na Wabelgiji.

Hofu ya wenye mapenzi

Si kila mtu alipiga makofi. Mashabiki wa zamani walikuwa na hoja ambayo haikuwa ya kijinga. Michezo ya BioWare inakwenda bila kusimama: vita vinaendelea, mchezaji anabonyeza kitufe kusimamisha, anatoa amri, anaachilia. Larian wao ni watu wa zamu: wewe unacheza, adui anacheza, kama drafti. Picha za kwanza zilipoonekana mwaka 2020, wengi walisema huu ni Divinity uliovalishwa nguo za jirani. Wengine walilalamikia rangi, wengine ucheshi, wengine waliona wahusika wapya wote wana ukali usio na sababu.

Kwa maoni yangu, katika suala la zamu Larian walikuwa karibu zaidi na chanzo kuliko BioWare. Mezani, Dungeons & Dragons huchezwa kwa zamu. BioWare waliuharakisha kwa sababu ya mahitaji ya wakati wao. Larian waliurudisha kwenye dadu, na hawakuificha: unapojaribu kumdanganya askari au kufungua kufuli, dadu yenye nyuso 20 inazunguka mbele ya macho yako. Ikitua kwenye 1, umeanguka, hata ungekuwa na maneno matamu namna gani. Hapo mchezo unakufundisha kitu ambacho michezo mingi inakikwepa, kwamba kushindwa nako kunafungua njia. Mlango uliokataa kufunguka unakupeleka dirishani, na dirishani unakutana na mtu ambaye usingemwona.

Tarehe 6 mwezi wa kumi 2020 Larian waliuza toleo ambalo halijakwisha, sehemu ya kwanza tu ya hadithi, kwa bei kamili ya karibu dola 60. Kuuza nusu ya nyumba kwa bei ya nyumba nzima ni jambo la kutia shaka, na wengine walilisema wazi. Lakini kwa karibu miaka mitatu studio ilitazama watu wanavyocheza, ikasoma malalamiko, ikabomoa na kujenga tena.

Mfano mmoja ni Wyll. Huyu ni kijana mweusi, mwana wa mtawala wa mji, anayejulikana kama mtetezi wa wanyonge na ambaye kwa siri ameuza roho yake kwa shetani mmoja wa kike. Katika toleo la awali hadithi yake haikuwashika watu. Larian waliiandika upya karibu yote na kubadilisha hata mwigizaji wa sauti. Kazi hiyo ilimpa heshima na uchungu aliokuwa akiukosa. Hata hivyo, mchezo ulipotoka, wengi walihesabu na kuona kwamba kati ya wenzako wakuu wa safari, Wyll ndiye mwenye matukio machache. Nimeumaliza mchezo na ninakubaliana nao: mnyonya damu Astarion anapewa maonyesho marefu ya kukumbukwa, na Wyll, mwenye baba yake katikati kabisa ya siasa za mji, anaachwa akisubiri nyuma. Ni upungufu wa kweli katika kazi iliyopangwa vizuri kiasi hiki.

Wakimbizi mlangoni

Hadithi inaanza hivi: umetekwa na viumbe wenye nyuso za pweza, wakakuingizia kiluwiluwi kupitia jicho hadi kwenye ubongo. Kikikomaa, nawe utageuka kuwa kama wao. Chombo chao kinaanguka, unaamka ufukweni, na wengine wachache wenye ugonjwa huo huo wanakuwa wenzako. Hakuna anayemwamini mwenzake. Wote wanatafuta tiba.

Lakini jambo la kwanza kubwa ambalo mchezo unakuuliza halihusu kiluwiluwi. Unafika kwenye msitu uliolindwa, makao ya watu wanaoabudu maumbile. Ndani yao wamo wakimbizi, watu wenye pembe na mikia ambao mji wao umepatwa na balaa, na ambao kila mahali wanatazamwa kama mikosi. Wenyeji wamechoka nao. Kiongozi wa muda, mwanamke anayeitwa Kagha, anataka kufanya tambiko litakalofunga msitu na kuwatupa wageni barabarani, ambako maadui wanawasubiri. Mtoto mmoja wa kike wa wakimbizi ameiba sanamu takatifu. Nyoka wa Kagha yuko mbele yake. Wazazi wake wako nje wanalia. Wewe unasema nini?

Mchezaji wa Paris ataliona hilo kama tukio la kusisimua. Mchezaji wa Goma, wa Bunia au wa Uvira atakuwa na mengine ya kufikiria. Wale wanaosema chakula hakitoshi, wale wanaosema hawa wageni ndio wanaotuletea vita, yule mzee anayejaribu kutuliza na hakuna anayemsikiliza, baba anayehesabu siku za safari akiwa na watoto: waandishi wa Gand hawakuwa wakiifikiria Kivu, na hakuna haja ya kuwapa sifa hiyo. Wamechunguza tu vizuri namna watu wanavyokuwa wanapoogopa, na hilo halina nchi.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba mchezo hauwasahau watu hao. Ukiwaokoa, unakutana nao tena mbali, wachache zaidi, katika nyumba ya wageni iliyozungukwa na giza lenye laana. Njiani kuna waliokamatwa, na kuna waliokufa. Ukifika hatimaye kwenye mji wa Baldur's Gate wenyewe, unakuta kitongoji cha nje kimejaa watu waliokimbia vita, wakizuiliwa kuvuka daraja, na wenyeji wakinung'unika. Ukiwa uliwasaliti mwanzoni, nafasi zao zinabaki tupu kwa saa zote zilizobaki, na hakuna anayekuja kukuhubiria juu ya hilo.

Kuna mambo mengi mengine. Unaweza kuzungumza na wanyama, na mara nyingi wana akili kuliko wenye nyumba. Unaweza kuamsha maiti na kumuuliza maswali matano, si zaidi, na asipopenda uso wako kwa sababu wewe ndiye uliyemuua, atakataa kujibu. Larian walisema mchezo una saa 174 za matukio yaliyoigizwa, na hakuna mchezaji mmoja atakayeyaona yote katika safari moja, maana kila njia unayochagua inafunga nyingine.

Wazee wanarudi

Jaheira na Minsc wamo. Jaheira amezeeka, ana watoto aliowalea, na bado anakuona kuwa mjinga mpaka uthibitishe kinyume. Hapo Larian wamefanya kazi nzuri sana; amebaki mtu yule yule, akiwa na uzito wa miaka zaidi ya mia moja mabegani. Minsc anachelewa mno kutokea, na akitokea ni furaha zaidi kuliko hadithi.

Kwa Viconia na Sarevok, hasira ya mashabiki ilikuwa kubwa, na ninaielewa. Katika michezo ya zamani Viconia angeweza, kwa uvumilivu wa mchezaji, kubadilika na kuacha ukatili. Sarevok naye, adui mkuu wa toleo la kwanza, alipewa nafasi ya kutubu mwaka 2001. Baldur's Gate 3 inawarudisha wote wawili wakiwa waovu, kana kwamba ile njia ndefu haikutembewa na mtu. Ukipewa urithi unaweza kupanga vyumba upya, lakini kuna watu walioishi mle ndani kwa miaka na wanakumbuka kila ukuta. Pale studio ilipotaka adui wa haraka kwa dakika ishirini za vita, ilichukua kitu ambacho wengine walikijenga kwa saa mia.

Sehemu ya tatu ya mchezo ndiyo iliyochoka. Mji ni mkubwa, umejaa, na kompyuta nyingi ziliushindwa mwanzoni. Mtaa wa juu wa matajiri, ambao watu waliusubiri, haupo. Mwisho ulikuwa mfupi kiasi kwamba baada ya saa mia moja ulijikuta ukitazama majina ya watengenezaji bila kuwaaga wenzako. Karlach, mwanamke mwenye injini ya moto mahali pa moyo na ambaye wachezaji walimpenda kama ndugu, alipewa mwisho mkavu mno. Malalamiko yalifika Gand, na studio ikarefusha mwisho wake. Tarehe 30 mwezi wa kumi na moja 2023 ikaongeza karamu ya kuagana. Mwaka 2024 ikaboresha miisho ya wale waliochagua uovu, na kutoa vifaa vya kuwawezesha wachezaji kuurekebisha mchezo wenyewe. Hakuna nyongeza hata moja kati ya hizo iliyolipishwa.

Hesabu

Mchezo kamili ulitoka kwa kompyuta tarehe 3 mwezi wa nane 2023. Larian walikuwa wametangaza mwisho wa mwezi huo, wakausogeza mbele ili wasigongane na mchezo mwingine mkubwa, Starfield. Siku chache baadaye watu 875,343 walikuwa wakiucheza kwa wakati mmoja kwenye duka la Steam. PlayStation 5 walifuata tarehe 6 mwezi wa tisa, na Xbox mwezi wa kumi na mbili, baada ya mabishano kuhusu mashine ndogo ya Xbox ambayo haikuweza kugawa skrini kwa wachezaji wawili. Microsoft ilikubali kulegeza sharti lake.

Kufikia mwezi wa nne 2024, ulipochukua tuzo ya BAFTA mjini London, ulikuwa mchezo wa kwanza kuchukua taji la mchezo wa mwaka katika tuzo zote tano kubwa za fani hii. Mwigizaji wa Astarion, Neil Newbon, alikuwa amekwisha kupata tuzo yake kule Los Angeles, na Andrew Wincott, sauti ya shetani Raphael, alipata ya kwake London. Kampuni ya watu waliowahi kukosa mishahara ilikuwa sasa na wafanyakazi zaidi ya 400, kutoka Gand hadi Dublin, Québec, Barcelona na Kuala Lumpur.

Kwa Hasbro, mapato ya leseni ya mchezo huu yalifika takriban dola milioni 90 katika mwaka 2023 peke yake. Hasbro haikuandika mstari wa hadithi wala kuchora mti mmoja. Hiyo ndiyo nguvu ya kumiliki jina. Na mwaka huo huo, kwa sababu ya hasara katika biashara zake za vitu vya kuchezea, ndio iliopunguza watu.

Mwezi wa tatu 2024, mjini San Francisco, mbele ya watengenezaji wenzake, Vincke alitangaza kwamba Larian haitatengeneza nyongeza ya Baldur's Gate 3 wala toleo la nne. Walikuwa wamekwisha kuanza kazi ya nyongeza, wakagundua kwamba mioyo yao haipo. Mkutano huo huo alitumia kusema maneno makali juu ya tamaa ya wakubwa wanaofukuza watu ili kupendezesha hesabu za robo mwaka, kisha wakaanza kuwatafuta tena mwaka unaofuata. Ni kweli kwamba naye ana mwekezaji mkubwa, kampuni ya China Tencent, yenye asilimia 30 ya hisa. Lakini uamuzi umebaki mikononi mwake na familia yake, na hilo ndilo lililomwezesha kuacha mezani pesa ambazo mkubwa mwingine yeyote angezikimbilia.

Kwa mchezaji wa huku kwetu

Tuseme ukweli: huu si mchezo wa kuupata kirahisi katika Kongo ya Mashariki. Unahitaji nafasi ya gigabaiti 150 kwenye diski, na diski yenyewe iwe ya kisasa ya SSD. Kuupakua kwa intaneti ya simu ni kuchoma pesa, na umeme ukikatika katikati unaanza kuhesabu upya. Kompyuta ya ofisi haitauendesha.

Lakini kuna mambo matatu yanayofaa kujulikana. Maandishi yote yapo kwa Kifaransa, ingawa sauti ni za Kiingereza tu, hivyo aliyesoma shule zetu hatapotea. Unachezwa bila mtandao kabisa, na watu wawili wanaweza kugawana skrini moja kwenye kompyuta au PlayStation 5, jambo linalofaa kwa nyumba zenye ndugu wengi na mashine moja. Na toleo linalouzwa kwenye duka la GOG halina kufuli: aliyelinunua anaweza kulipakua mara moja mahali penye mtandao mzuri, akaliweka kwenye diski ya nje na kurudi nalo nyumbani.

Asiye na mashine ya namna hiyo anaweza kuanza pale wengine walipoanzia. Matoleo ya BioWare yaliyosafishwa na Beamdog yanacheza kwenye simu za Android za kawaida. Maandishi ni mengi na madogo, sheria za zamani zinachosha, na saa ya kwanza utakufa kwa mbwa mwitu. Ukivumilia mpaka Minsc akuonyeshe panya wake, utaelewa kwa nini watu walisubiri miaka 20.

Nyongeza kubwa ya mwisho ya Baldur's Gate 3 ilitoka mwezi wa nne 2025, na aina 12 mpya za wapiganaji na uwezo wa wenye mashine tofauti kucheza pamoja. Hasbro imesema inazungumza na washirika mbalimbali juu ya mustakabali wa jina hilo. Huko Gand wamerudi kwenye mali yao wenyewe: mwezi wa kumi na mbili 2025, kwenye sherehe zile zile za Los Angeles, Larian walitangaza mchezo mpya unaoitwa Divinity.